Ramani ya mchakato inayoonyesha siku zinapopotelea: mwongozo kamili kwa timu za kiwandani zinazotengeneza bidhaa mpya

Timu nyingi zimeshachora ramani ya mchakato wao. Iko ukutani, ina visanduku arobaini na mishale ya rangi, na bado bidhaa mpya inachukua muda uleule kufika sokoni. Kila anayeitazama anasema imechorwa vizuri. Muulize siku zinapotelea wapi, hana jibu, maana ramani yenyewe haina siku hata moja.

Kosa hili nimeliona likirudiwa mara nyingi mno, ndiyo maana naandika. Watu huchora kazi. Kusubiri hawakuchori, na kurudishiwa kazi hawakuchori. Lakini bidhaa mpya haicheleweshwi sana na kazi yenyewe: mbunifu akikaa kuchora, anachora, fundi akifunga kalibu, yaani chombo cha kuumbia bidhaa, kwenye mashine, anaifunga. Siku huisha bidhaa ikiwa imelala mezani kwa mtu, au ikiwa imerudi kwa mara ya tatu kule ilikotoka.

Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua hadi upate ramani yenye siku, foleni na marejeo, yaani kazi zinazorudishwa zifanywe upya. Unafaa kwa kiwanda cha sabuni, cha viatu, cha samani au cha vipuri, mradi kuna watu wanaopokezana kazi ya kubuni, kununua, kujaribu na kupima.

## Vitu vya kuandaa

- Ukuta mtupu wa mita 4 hadi 5, na karatasi pana ya kuufunika. Usichore ubaoni; ubao utafutwa, na karatasi hii utaihitaji miezi mitatu baadaye.
- Karatasi ndogo za kunata za rangi tatu: manjano kwa kazi, waridi kwa kusubiri, buluu kwa kurudishwa.
- Kalamu za wino mzito, moja kwa kila mshiriki. Kalamu ikiwa moja, atakayechora ni mtu mmoja na wengine watatazama tu.
- Penseli ya kuchorea mishale, kwa sababu mishale itabadilika.
- Kalenda ya kipindi chote ambacho bidhaa ilikuwa ikitengenezwa, sikukuu zikiwa zimewekewa alama.
- Jedwali la kompyuta lenye safu tano tu: hatua, aliyeifanya, tarehe ya kupokea, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukabidhi.
- Watu 6 hadi 8, kwa nusu siku mbili.
- Mkubwa mmoja mwenye mamlaka ya kubadilisha utaratibu, aliyekubali kabla hujaanza kwamba kitu kitabadilika.

Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana mara nyingi. Kama huna mtu wa namna hiyo, mtafute kwanza. Kuwaita watu waeleze kero zao halafu lisifanyike lolote ni kuwaumiza, na safari ijayo hawatasema kweli.

Programu ya kuchorea haihitajiki. Kuna mfumo wa alama uitwao BPMN, ambao tangu mwaka 2013 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510, na ni mzuri kwa kazi inayokwenda kuwekwa kwenye kompyuta. Kwa kazi yetu zinatosha alama tatu: duara la mviringo kwa mwanzo na mwisho, mstatili kwa kazi, umbo la almasi kwa uamuzi.

## Hatua ya 1: Chagua bidhaa moja iliyokwisha kutoka

Usichore "jinsi tunavyotengeneza bidhaa." Chora jinsi mlivyotengeneza bidhaa fulani, yenye jina, iliyokwisha kuingia sokoni.

Ukiuliza kwa ujumla, watu watakueleza utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha kampuni. Ukiuliza kuhusu bidhaa moja, watakumbuka kwamba ile sampuli ya pili ilikaa stoo wiki nzima kwa sababu haikuwa na lebo. Unachokitafuta ni hicho cha pili.

Chagua bidhaa ya kawaida. Usichukue iliyokwenda kasi kwa sababu mkurugenzi aliisimamia mwenyewe, wala ile iliyokwama mwaka mzima kwa kesi ya pekee. Iwe imemalizika karibuni ili kumbukumbu na barua pepe zipatikane, na wengi wa walioishughulikia wawe bado kazini.

Mfano nitakaoutumia ni kifuniko kipya cha plastiki cha chupa ya sabuni ya maji. Ni kitu kidogo, kila mtu anakijua, na ndani yake kuna ubunifu, manunuzi, kalibu, mashine na vipimo. Namba za mfano nimeziweka mwenyewe ili hesabu ifuatike. Zako zitatoka kwenye ushahidi wako.

## Hatua ya 2: Weka mipaka kwa tukio lenye tarehe

Mwanzo na mwisho wa ramani lazima viwe matukio yanayoweza kutajiwa tarehe. "Wazo lilipoanza" halina tarehe. "Siku mauzo walipotuma ombi la kwanza la maandishi" inayo. Vivyo hivyo, usiseme "bidhaa ilipokuwa tayari." Sema "siku ubora walipotia saini ripoti ya vipimo ya mwisho."

Angalia usibane sana. Timu ya uhandisi ikichora tangu ilipopokea kazi hadi ilipokabidhi, itajikuta haina kosa lolote, kwa kuwa ucheleweshaji umebaki nje ya mstari, pale wanapopokezana na wengine.

## Hatua ya 3: Kusanya tarehe kabla ya kikao

Kazi hii ifanywe na mtu mmoja, kwa siku mbili au tatu, kabla hujamwita yeyote. Pitia barua pepe, tarehe za kuhifadhiwa kwa kila toleo la mchoro, hati za manunuzi, kitabu cha zamu cha mashine, ripoti za vipimo, kumbukumbu za vikao, hata ujumbe wa simu.

Jaza jedwali lako la safu tano. Usitegemee kumbukumbu za watu kwa tarehe. Si kwamba watu ni waongo. Mtu hukumbuka jinsi alivyohangaika, hakumbuki siku ambazo kazi ilikuwa imelala bila yeye kuigusa. Atakwambia mchoro ulimchukua wiki mbili, na kwa upande wake ni kweli ulikuwa kwake wiki mbili. Mafaili yatakuonyesha aliufanyia kazi siku mbili tu, na siku zilizobaki alikuwa kwenye miradi mingine.

Tofautisha tarehe ya kupokea na tarehe ya kuanza. Pengo kati ya hizo mbili ndiyo foleni, na kampuni nyingi haziliandiki popote. Ukilikosa, tafuta dalili: faili lilifunguliwa lini mara ya kwanza, swali la kwanza liliulizwa siku gani.

Ukipata tarehe za theluthi mbili ya hatua, zinatosha kuanza. Zilizobaki zitajazwa kikaoni, mtu akiona tarehe za mwenzake.

## Hatua ya 4: Waite walioishika kazi kwa mikono yao

Waite mbunifu aliyechora, mnunuzi aliyeomba bei, fundi aliyefunga kalibu, mpimaji wa ubora, na mtu wa mauzo aliyeandika ombi. Wakuu wa idara waje mwisho wa siku ya pili kuonyeshwa. Mkuu wa idara anajua kazi inavyotakiwa kwenda, na akiwepo, aliye chini yake atakubaliana naye.

Fungua kikao kwa kusema wazi kwamba hamtafuti mwenye makosa. Kisha lithibitishe kwa vitendo: kwenye karatasi andika cheo au idara, usiandike jina la mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu anayeogopa kulaumiwa ataficha kusubiri kwake, ndicho hasa ulichokuja kukitafuta.

Utajua mambo yamekaa sawa mtu wa kwanza atakaposema, bila kuulizwa, "hapa kwangu ilikaa."

## Hatua ya 5: Chora kutoka mwisho kwenda mwanzo

Bandika karatasi ukutani. Juu kabisa chora kalenda: mstari wima kwa kila wiki. Safari ya kifuniko chetu ilikuwa siku 68 za kazi, yaani karibu wiki 14, hivyo kwa urefu wa mita 4.2 kila wiki inapata sentimita 30, na kila siku ya kazi sentimita 6.

Usiruke kipimo hiki, hata kama kinakuchosha. Kwenye ramani ya kawaida kila kisanduku kina ukubwa sawa, kwa hiyo mchoro wa siku 2 na foleni ya siku 9 vinaonekana ndugu. Kwenye ramani yenye kipimo, mchoro una sentimita 12 na foleni ina sentimita 54. Huhitaji kumweleza mtu chochote. Ataona mwenyewe akiwa bado amesimama mlangoni.

Kisha chora njia za mlalo, kama njia za wakimbiaji uwanjani, kila idara na njia yake. Msisahau njia ya mteja na njia ya watu wa nje, kama mtengeneza kalibu.

Sasa anzeni mwisho. Bandika karatasi ya manjano ya tukio la mwisho, kisha muulize aliyeifanya maswali matatu:

1. Ulipokea nini, na kutoka kwa nani?
2. Ulikipokea lini, na ulianza lini?
3. Kilikuwa kamili, au ilibidi uulize?

Jibu la swali la kwanza linakupa karatasi inayofuata upande wa kushoto. La pili linakupa karatasi ya waridi kati yao. La tatu linakupa ya buluu.

Kwa nini kinyumenyume? Ukianza mwanzo, watu huimba utaratibu kama shairi walilolikariri shuleni. Ukirudi nyuma, kila mmoja hulazimika kufikiria alichokuwa anakisubiri. Mpimaji wa ubora atasema, "Nilipokea vifuniko kumi." Kutoka wapi? "Kwenye mashine." Siku gani? Anafungua daftari. Palepale fundi wa mashine anadakia, "Lakini mimi nilivitoa siku mbili kabla." Mmepata karatasi ya waridi ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote cha kampuni.

Wanapobishana tarehe, rudi kwenye jedwali la Hatua ya 3. Wakibishana kuhusu nani alitakiwa kufanya nini, weka alama ya kuuliza na uendelee. Ubishi huo ni taarifa muhimu: mahali watu wawili wanapoamini kazi ni ya mwenzake, kazi hulala.

Piga picha ukuta mzima kabla ya kuondoka siku ya kwanza. Gundi za karatasi hizi huachia usiku.

## Hatua ya 6: Andika namba tatu kwa kila hatua

Chini ya kila karatasi ya manjano andika muda wa mikono (saa ambazo mtu alikuwa akiifanya kazi kweli), siku za kusubiri kabla haijaanza, na asilimia ya kupokelewa sawa, yaani kati ya kazi 100 zinazofika kutoka hatua hii, ngapi zinatumika bila kuuliza, kusahihisha wala kurudisha. Hiyo ya tatu usimuulize anayetoa kazi. Muulize anayeipokea.

Hivi ndivyo kifuniko chetu kilivyosoma:

| Hatua | Muda wa mikono | Kusubiri kabla yake |
|---|---|---|
| Mauzo waandika ombi | saa 3 | – |
| Kikao cha kuidhinisha | saa 1 | siku 5 |
| Kuchora | saa 16 | siku 4 |
| Uhandisi wakagua mchoro | saa 2 | siku 9 |
| Manunuzi waomba bei | saa 4 | siku 3 |
| Fedha waidhinisha | dakika 20 | siku 8 |
| Kalibu yatengenezwa nje | siku 25 | – |
| Jaribio kwenye mashine | saa 6 | siku 7 |
| Ubora wapima | saa 5 | siku 2 |

Jumlisha. Kazi zote za ndani ni saa 37 na dakika 20, hazifiki siku 5 za kazi. Kusubiri ni siku 38. Mtengeneza kalibu alichukua siku 25. Jumla siku 68.

Tulia kidogo kwenye hesabu hii pamoja na timu. Hata kama kila mtu wa ndani angefanya kazi yake kwa nusu ya muda, mngeokoa siku mbili na kitu. Mbunifu anayehimizwa achore haraka anaonewa, na zaidi ya hapo atakosea.

Sasa ile asilimia. Tuseme ombi la mauzo hupokelewa sawa kwa asilimia 60, mchoro 70, hati ya bei 90, na jaribio la mashine 80. Usitafute wastani, zidisha. 0.6 × 0.7 × 0.9 × 0.8 ni karibu 0.30. Maana yake, katika bidhaa kumi, tatu tu hupita safari nzima bila kurudi popote. Wakuu wa idara hushtuka hapa, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiangalia asilimia ya idara yake na kuiona si mbaya.

## Hatua ya 7: Fuata marejeo mpaka kwenye chanzo

Chukua kila karatasi ya buluu na uchore mshale wa kurudi, kutoka ilikogunduliwa kasoro hadi ilikotengenezwa. Mshale mrefu ndio ghali, maana kila kilichofanyika katikati kinarudiwa.

Tazama mshale mmoja kwa karibu. Mbunifu alichora kifuniko chenye kuta za ndani zilizosimama wima kabisa. Kwenye kompyuta kinapendeza. Uhandisi wa uzalishaji walipokiona, siku tisa baadaye, walijua papo hapo hakitatoka kwenye kalibu bila kukwaruzika. Kuta zinahitaji mteremko mdogo, mara nyingi kama nyuzi 1, ili kipande kiachie. Zaidi ya hapo, plastiki ya polipropilini husinyaa kati ya asilimia 1 na 2.5 hivi inapopoa, na mchoro haukusema vipimo ni vya kifuniko kilichopoa au vya kalibu. Mchoro ukarudi. Ukasubiri tena mbunifu amalize kazi nyingine aliyokuwa ameshaianza.

Mbunifu hakuwa mzembe. Alifanya uamuzi siku ya kwanza ambao ulihitaji ujuzi wa mtu aliyekuja siku ya kumi na moja. Andika sentensi ya namna hiyo kwa kila karatasi ya buluu: *uamuzi gani ulifanyika, ulihitaji kujua nini, na nani alikuwa anakijua?* Ukishaziandika tano au sita, utaona jina la idara moja au mbili likijirudia upande wa "nani alikuwa anakijua." Hao ndio wanaochelewa kualikwa.

## Hatua ya 8: Jua kila foleni imesababishwa na nini

Usikimbilie suluhisho. Foleni zina sababu tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine. Pitia karatasi za waridi, kuanzia ndefu kuliko zote.

Kusubiri kikao. Kikao kikiwa kila baada ya wiki mbili, ombi linalofika siku yoyote husubiri wastani wa wiki moja. Hapo hakuna mtu mvivu. Ni kalenda inayokula siku zenu.

Kusubiri saini. Dakika 20 za kazi, siku 8 za kusubiri. Uliza: katika maombi ishirini yaliyopita ya kiasi hiki, mangapi yalikataliwa? Kama hakuna hata moja, saini hiyo haizuii kitu, inachelewesha tu.

Kusubiri mtu mwenye kazi nyingi. Sababu hii haieleweki kirahisi, na ndiyo inayoumiza zaidi. Wakuu wengi hufurahi kuona mhandisi amejaa kazi asilimia 95 ya muda wake. Tazama hesabu ya foleni iliyo rahisi kuliko zote, yenye mhudumu mmoja na kazi zinazofika bila mpangilio. Kama kazi huchukua wastani wa siku 1, nyingine fupi na nyingine ndefu bila mpangilio, mhudumu aliyejaa asilimia 80 hufanya kazi inayofika isubiri wastani wa siku 4. Akijaa asilimia 90, ni siku 9. Akijaa asilimia 95, ni siku 19. Kiwanda chako hakitafuata namba hizi kwa usahihi, lakini umbo lake ni hilohilo: mtu anapokaribia kujaa kabisa, foleni yake haiongezeki kidogo kidogo, inaruka. Mtu ambaye kazi zote hupitia kwake lazima abakiwe na nafasi.

Kusubiri kwa sababu miradi iliyofunguliwa ni mingi. Hesabu miradi yote iliyo wazi leo. Kuna kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa muda wa kukaa ndani ni sawa na idadi iliyomo ndani, gawanya kwa idadi inayotoka kwa kipindi. Miradi 12 iko wazi na mnamaliza 2 kwa mwezi? Kila mmoja huchukua wastani wa miezi 6. Mkiwa na 6 wazi na mkaendelea kumaliza 2 kwa mwezi, ni miezi 3. Kufungua mradi mpya ili "uanze mapema" kunachelewesha yote iliyotangulia.

Umemaliza hatua hii kila karatasi ya waridi inapokuwa na sababu moja iliyoandikwa juu yake, na hakuna hata moja iliyoandikwa "uzembe" au "mawasiliano mabaya." Maneno hayo mawili huficha sababu. Yakijitokeza, uliza tena.

## Hatua ya 9: Chora ramani ya pili, mkibadilisha machache

Weka karatasi mpya chini ya ile ya kwanza, kwa kipimo kilekile. Msichore ndoto. Chagueni mabadiliko matatu hadi matano ambayo yule mkubwa mliyekubaliana naye anaweza kuyaruhusu wiki hii.

Kwa kifuniko chetu ningechagua haya:

*Mhandisi wa uzalishaji akae na mbunifu nusu siku ya kwanza ya kuchora.* Mteremko wa kuta, kusinyaa kwa plastiki na kiasi cha kuzidi au kupungua kinachokubalika vinaamuliwa hapo. Ukaguzi wa mwisho unabaki, lakini wa kuthibitisha tu, na kusubiri kunashuka kutoka siku 9 hadi 1.

*Fedha waweke kiwango.* Gharama iliyo chini ya kiwango hicho na ndani ya bajeti ya mradi iidhinishwe na kiongozi wa mradi. Fedha wapewe taarifa. Zilizo juu ya kiwango zijibiwe ndani ya siku 2. Kutoka siku 8 hadi 2.

*Nafasi ya mashine ishikwe siku kalibu inapoagizwa.* Mnajua itachukua kama siku 25; kwa nini msubiri ifike ndipo muombe mashine? Kutoka siku 7 hadi 1. Hapa panahitaji uangalifu: mkuu wa uzalishaji ana malengo ya kila siku, na jaribio linamla muda. Kubalianeni naye siku maalumu ya majaribio, vinginevyo nafasi itafutwa kila oda kubwa ikiingia.

*Maombi madogo yasisubiri kikao.* Watu wawili waliotajwa waamue ndani ya siku 2 badala ya 5.

Jumlisheni siku zilizookolewa: 8 na 6 na 6 na 3 ni siku 23. Kutoka 68 mnafika 45, bila mtu yeyote kuongeza kasi ya mikono na bila kumgusa mtengeneza kalibu.

Kwa kila makabidhiano yenye asilimia ndogo, andikeni orodha fupi ya vitu ambavyo lazima viwemo. Aiandike anayepokea, isizidi mistari saba. Kwa ombi la mauzo: ujazo wa chupa, kipimo cha mdomo wa chupa, rangi, idadi kwa mwezi, siku mteja anapohitaji sampuli, na nani atakayekubali sampuli hiyo. Orodha ya mistari thelathini haitajazwa kwa uaminifu. Watu wataweka alama za vema bila kusoma.

Jihadharini na kazi za sambamba. Kufanya mambo mawili kwa pamoja kunapunguza siku, lakini ni pale tu yasipotegemeana. Kuagiza chuma cha kalibu huku umbo la kifuniko bado linabishaniwa ni kununua marejeo. Gawanyeni uamuzi: ukubwa wa jumla ufungwe mapema, urembo wa juu ubaki wazi kwa wiki moja zaidi.

## Hatua ya 10: Ijaribu kwa bidhaa moja, ukiandika tarehe kila siku

Chukueni bidhaa inayofuata na muipitishe kwenye ramani mpya. Moja tu. Mkibadilisha utaratibu kwa miradi yote 12 siku moja, hamtajua kilichosaidia ni kipi, na likitokea tatizo yote itarudi kwenye njia ya zamani.

Bandikeni ramani ya pili mahali timu inapopita, na kila kazi inapokabidhiwa, mwenye nayo aandike tarehe hapohapo kwa mkono wake. Mara moja kwa wiki, kwa dakika 15, simameni mbele yake na muulize swali moja: kazi iko kwa nani, na anasubiri nini? Kikao kisiwe cha kujieleza. Kama jibu ni "nasubiri bei," mnunuzi yuko palepale, anasema lini.

Dalili za kwanza njema haziji kwenye jumla ya siku. Utaona maswali yanaulizwa mapema, karatasi za buluu zinakuwa fupi, na mtu wa ubora anaujua mradi kabla vifuniko havijafika mezani kwake.

Dalili mbaya ni foleni kuhama. Mkifungua fedha, huenda maombi yakajazana kwa manunuzi. Hilo ni la kawaida. Kizuizi kimoja kikiondoka, kilichokuwa nyuma yake huonekana. Kinachotakiwa ni kukiona ndani ya wiki, kabla hakijala mwezi.

## Kuitunza ramani

Mpe mtu mmoja jukumu la kuitunza, na awe miongoni mwa waliofanya kazi, si mtu wa ofisi ya mbali. Ramani isiyo na mwenyewe huzeeka ndani ya miezi michache, na wageni wakifundishwa kwa ramani iliyokufa watafuata utaratibu uliokufa.

Bidhaa ya majaribio ikimalizika, bandika karatasi zote mbili pamoja, ya kwanza na yenye tarehe mpya, na waite tena watu walewale sita au wanane. Pimeni kwa rula urefu wa kila karatasi ya waridi iliyobaki. Iliyo ndefu kuliko zote ndiyo mtakayoanza nayo kwenye bidhaa ya tatu.